Jina la Ukoo Juu ya Lori

Kila Alhamisi mchana, wanafunzi walipokuwa wamepanga foleni na sinia zao za chuma wakingoja wali, kabichi ya kimchi na supu ya mwani, sauti ya Kim Sebin ilisikika kwenye spika za bwalo. Sebin alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, wa kidato cha kwanza, mkondo wa tatu. Katika chama cha utangazaji cha shule yeye ndiye aliyesoma habari za gemu: gemu gani limefungwa kwa matengenezo, shujaa gani amepunguziwa nguvu, kampuni gani imeahidi na kuahirisha.

"Wapendwa mnaokula," alisema Alhamisi moja, "kampuni ya Dalmaru imetangaza kwamba matengenezo ya leo yatamalizika saa nne asubuhi. Saa nne ya mwaka gani, haikusema."

Bwalo zima lilicheka. Hata wapishi walicheka. Sebin alikipenda kicheko kile kuliko alama za mtihani.

Kabla ya kwenda hewani, kila karatasi yake ilipitia mikononi mwa Mwalimu Maeng, mlezi wa chama na mwalimu wa darasa lake. Mwalimu Maeng alikuwa mama mpole mwenye kalamu nyekundu na swali moja tu: "Nani kasema?" Sebin asipokuwa na jibu, mstari ulikatwa. Basi yale yaliyokatwa aliyaandika kwenye ukurasa wake wa simu, aliouita "Seva Imeanguka". Huko alitumia jina la kubuni, Bundi, na hakukuwa na kalamu nyekundu. Darasani wote walijua Bundi ni nani.

Aliyeketi naye dawati moja ni Tak Yugyeom, mvulana mtaratibu aliyechonga penseli zake zote kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Baba yake alikuwa mhandisi wa mitambo huko Dalmaru, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka shuleni. Dalmaru ndiyo iliyotengeneza Chui wa Theluji, gemu lililochezwa na karibu darasa zima.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, wakati wachezaji wamejaa kwenye sherehe ya mavuno ndani ya gemu, Chui wa Theluji liliganda pale pale. Halikurudi mpaka Jumapili jioni, na liliporudi, kila mchezaji alijikuta alipokuwa Jumatano. Siku tatu zilikuwa zimemezwa. Tangazo la kampuni lilikuwa fupi: "Tunaomba radhi kwa usumbufu. Sababu inachunguzwa."

Jumatatu asubuhi darasa lilikuwa kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe.

"Miezi minne!" alifoka Ma Taeo, akirusha mkoba wake juu ya dawati. Taeo alikuwa mrefu kuliko wote na mwenye sauti ya kuwatosha wote. "Miezi minne nimeiwinda ngozi ya chui mweupe. Nimeipata Ijumaa. Ijumaa! Leo sina hata unyoya!"

"Chui hana unyoya, Taeo," mtu alisema.

"Nyamaza wewe! Yugyeom, baba yako anafanya nini kule? Anachoma viazi?"

Yugyeom aliendelea kuchonga penseli.

Alasiri, baada ya vipindi, ulikuja muda wa usafi. Zamu ya taka ilikuwa ya Sebin na Yugyeom. Walibeba pipa pamoja kwenda nyuma ya jengo, kila mmoja ameshika upande wake.

"Baba yako anasemaje?" Sebin aliuliza.

"Hajarudi nyumbani tangu Jumamosi. Analala ofisini."

"Kwa hiyo mambo ni mabaya."

Yugyeom alitua upande wake wa pipa, akabadilisha mkono. "Baba ndiye aliyezima mitambo," alisema taratibu. Kisha akaongeza, "Sikiliza lakini, ilikuwa..."

"Yeye? Yeye mwenyewe?" Macho ya Sebin yaling'aa. Kichwani tayari maneno yalikuwa yanajipanga. "Aisee! Twende, twende, wenzetu wanatungoja."

"Sijamaliza."

"Utaniambia kesho!"

Simu za darasa zima zilikusanywa kila asubuhi kwenye sanduku la mwalimu na kurudishwa wakati wa kuagana. Sebin alipoipata yake hakusubiri hata kufika langoni. Aliketi kwenye ngazi za shule akaandika:

"ALIYEZIMA CHUI WA THELUJI AMEJULIKANA. Ni mhandisi wa zamu mwenye jina la ukoo Tak. Alibonyeza asichopaswa kubonyeza. Wakubwa wake wanamficha. Siku zetu tatu zimeliwa na uzembe wa mtu mmoja."

Alisoma tena, akaridhika. Tena alijiona mwangalifu. Magazeti ya nchi yao hufanya hivyo: mtu asiyehukumiwa hutajwa kwa jina la ukoo peke yake, basi, la pili linafichwa. Darasani mwao akina Kim walikuwa saba. Ukisema "Kim fulani kaiba", umesema mtu yeyote. Sebin alikuwa Kim tangu kuzaliwa, na haikumpitia akilini kwamba kuna majina ambayo hayafichi kitu.

Kufikia asubuhi habari ilikuwa imesomwa na watu elfu kumi na moja.

Jumanne Yugyeom aliingia darasani, kelele zikakatika. Juu ya dawati lake, upande wake tu, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene nyeusi: MTOTO WA MZIMA MITAMBO. Aliyasoma. Kisha akamgeukia Sebin.

"Nilikuambia wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Peke yako."

"Sikuandika jina lake."

"Umeandika Tak."

"Tak wako wengi."

"Wako wapi? Nionyeshe mmoja hapa."

Taeo alikuwa amekwisha fika, amekaa juu ya dawati lenyewe, miguu inaning'inia.

"We Tak, niambie. Baba yako alipobonyeza, alitumia kidole gani? Nataka kujua ni kidole gani kimekula ngozi yangu."

Darasa likacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha bwaloni, ila safari hii Sebin hakujua aweke wapi macho yake.

Mchana hakuna aliyeketi meza moja na Yugyeom. Jioni mambo yalihamia kwenye simu. Grupu la darasa lilijaa matusi, na Yugyeom alipojitoa, Taeo alimrudisha. Akajitoa tena, akarudishwa tena. Ilikuwa mara kumi na nne. Sebin alizihesabu, kila mara simu ikitoa mlio kwenye mkeka alipokuwa amelala. Hakuandika neno baya hata moja. Hakuandika neno lolote.

Jumatano, vipindi vilipoisha, Taeo alimvuta mkono wa sweta. "Bundi, twende Dalmaru. Wameleta lori! Maneno yako yako juu!"

Wachezaji wa nchi ile wana desturi yao. Kampuni ikinyamaza, hawapigi kelele mitaani. Huchanga, wakakodi lori lenye skrini kubwa ubavuni, likaegeshwa mbele ya ofisi kutwa nzima likionyesha malalamiko yao. Lori hilo lilikuwa limesimama kando ya lango la Dalmaru, chini ya miti ya ginko iliyogeuka manjano, injini ikinguruma. Wafanyakazi walipita karibu nalo wameinamisha vichwa. Maandishi mekundu yalikuwa yanatembea kwenye skrini, kila herufi kubwa kuliko mlango:

MHANDISI TAK, SIKU ZETU TATU ZIKO WAPI?

Kisha:

UZEMBE WA MTU MMOJA. MTAMFICHA HADI LINI?

Kwa dakika moja nzima, na hili Sebin alilikiri baadaye, alijisikia fahari. Yalikuwa maneno yake. Alikuwa ameyaandika ameketi kwenye ngazi, na sasa yalikuwa makubwa kama nyumba.

Halafu alimwona Yugyeom. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mfuko wa nguo, akisubiri taa igeuke kijani. Alivuka. Taeo alikuwa amekwisha inua simu.

"Simama hapo hapo! Nikupige picha na ukoo wenu!"

"Piga," alisema Yugyeom. Hakumtazama. Alikuwa anamtazama Sebin. "Umeridhika?"

"Mimi sikuleta lori, Yugyeom."

"Hapana. Umeleta maneno tu." Alihamisha mfuko kwenye mkono mwingine. "Unajua Tak ni wangapi pale ndani? Mmoja. Nchi nzima ukitukusanya tunajaa uwanja mmoja wa mpira, na viti vinabaki. Siku tano baba yangu analala sakafuni, nami namletea nguo za ndani, na kila mtu anayepita hapa anamjua."

"Si kweli alizima?" aliingilia Taeo. "Alizima au hakuzima? Sema!"

"Alizima."

"Ehee!"

"Na ungengoja sentensi ya pili," Yugyeom alimwambia Sebin, "ungeijua. Sasa hutaijua kutoka kwangu. Mama ameshachukua fomu ya uhamisho. Jumatatu naenda kwa bibi, mji wa Boryeong. Utakaa na dawati lako peke yako."

Aliingia langoni. Lori likaendelea kunguruma.

Njia nzima Taeo alicheka na kusimulia. Sebin alipofika nyumbani alifuta habari ile kwenye ukurasa wake, akadhani moyo utatulia. Haukutulia. Alipoitafuta mtandaoni, aliikuta kwenye kurasa mia tatu za watu asiowajua. Watu walikuwa wameipiga picha kabla hajaifuta, na chini yake mmoja ameandika: "Nani anamjua huyu Tak anakaa wapi?"

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, alimkuta Mwalimu Maeng kwenye chumba cha matangazo akifuta vumbi kwenye vipaza sauti. Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza mpaka mwisho.

"Nimeshaifuta, Mwalimu," Sebin alimalizia.

"Umefuta kwako. Na kwenye lori?"

Sebin akainamisha kichwa.

"Niambie kitu kimoja. Huyo mhandisi alifanya kosa au hakufanya?"

"Nadhani..."

"Sijakuuliza unadhani nini."

"Sijui," Sebin alisema.

"Sawa." Mwalimu Maeng aliweka kitambaa chini. "Hilo ndilo neno la kweli la kwanza katika habari yako yote. Kufuta si kusahihisha, Sebin. Ukifuta unajisafisha mwenyewe, mwenzako anabaki na uchafu. Leo hutasoma habari. Kesho mchana utasoma masahihisho. Lakini kwanza utakwenda kusimama mbele ya mtu uliyemwandika. Nitawapigia nyumbani kwao."

"Akinifukuza?"

"Ana haki hiyo."

Saa kumi na moja jioni Sebin alibonyeza kengele ya nyumba ya akina Tak, ghorofa ya tisa. Mlango ulifunguliwa na mwanaume mwembamba, macho mekundu, nywele bado mbichi kwa maji ya kuoga. Alikuwa amerudi mchana ule kulala saa chache. Sebin aliinama mpaka kiunoni.

"Shikamoo, Baba Yugyeom. Mimi ni..."

"Najua wewe ni nani. Ulishakula mandu kwenye meza hii."

Hakumwambia avue viatu. Kwa hiyo Sebin alibaki pale chini, kwenye sehemu ya kuvulia viatu, na yule bwana akasimama juu yake kwenye sakafu ya nyumba. Mtu akikuacha hapo, amekwisha kukuambia mengi. Mlango wa chumba cha Yugyeom ulikuwa umefungwa.

"Nimekuja kuomba radhi. Nimeandika nisichokijua."

"Eh."

"Na nataka kurekebisha. Nikieleza jinsi ilivyokuwa... Ukiniambia tu kwamba huna kosa, kesho nitatangaza shule nzima, halafu niandike kwenye ukurasa..."

"Binti," alisema Bwana Tak, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Jumatatu ulisikia neno moja kwa mwanangu, ukaandika nina kosa. Leo unataka usikie neno moja kwangu, uandike sina kosa. Kuna tofauti gani?"

Bwana Tak aliegemea ukuta.

"Kuna ripoti. Watu sita wanaiandika, wanapima kila waya. Itatoka Alhamisi ijayo. Kabla ya hapo nikisema, nitakuwa najitetea tu, na kila mtu hujitetea. Sitasema. Wewe sema ulichokifanya wewe. Changu kiache."

"Lakini watu hawataniamini nikisema sijui."

"Basi wasikuamini." Alishika kitasa. "Shuka polepole, taa ya ngazi za ghorofa ya saba imeungua."

Usiku ule Sebin aliandika barua kwa mtu aliyekodi lori. Alimpata kwenye jukwaa la wachezaji, ambako alijiita Mzee Ngozi. Safari hii hakuweka Bundi. Aliweka Kim Sebin, umri, shule na darasa, akaeleza kwamba ile habari aliitunga kutokana na sentensi moja aliyoisikia akibeba pipa la taka. Aliomba jina litolewe.

Jibu lilikuja haraka. "Umetuvua nguo, mtoto wewe! Watu mia mbili tumechanga kwa ajili ya porojo zako?" Sebin hakulala vizuri.

Ijumaa mchana aliketi mbele ya kipaza sauti. Karatasi ilikuwa fupi. Mwalimu Maeng alikuwa ameisoma, na kalamu nyekundu haikugusa mahali.

"Mimi ni Kim Sebin wa kidato cha kwanza, mkondo wa tatu. Ukurasa wa Seva Imeanguka ni wangu. Jumatatu niliandika habari kuhusu mhandisi mmoja wa Dalmaru. Nilisikia sentensi moja, nikaandika tano. Hiyo moja sikuisikia mpaka mwisho, na nyingine nilizitunga. Sijui kwa nini mitambo ilizimwa. Sijui kama kuna mwenye kosa. Sikujua Jumatatu na sijui leo. Ninachojua ni kwamba nilimwaibisha mtu, na mwanawe ameteswa kwa sababu yangu na kwa mikono yetu. Ninaomba radhi kwa Bwana Tak na kwa Yugyeom."

Alizima kipaza sauti. Kutoka bwaloni, kupitia ukuta, ilisikika sauti ndefu ya kuzomea.

Taeo alimsubiri kwenye korido. "Wamekupa nini? Ngozi ya dhahabu? Almasi elfu tano?"

"Hawajanipa kitu."

"Kwa hiyo hana kosa?"

"Sijui, Taeo."

"Sijui, sijui! Jumatatu ulijua kila kitu, leo umekuwa mbumbumbu! Halafu eti 'mikono yetu'. Mimi nimeandika nini? Wewe ndiye uliyeandika, sisi tulisoma!"

"Mimi niliandika. Na wewe ulimrudisha kwenye grupu mara kumi na nne."

Taeo aligeuka mwekundu, akamsukuma bega, akaondoka.

Jumamosi Mzee Ngozi aliandika tena. "Lori linabaki, kampuni bado haijatupa maelezo na hiyo ni haki yetu. Jina tumelitoa. Siku nyingine fikiri kabla ya kuandika." Aliambatanisha picha. Skrini ilisema tu: DALMARU, TUELEZENI UKWELI. Sebin alijiuliza kwa nini hakuandika hivyo tangu mwanzo.

Jumatatu upande wake wa dawati nao ulikuwa umepata maandishi: MSALITI. Aliamini Yugyeom hayupo tena. Fomu ya uhamisho ilikuwa ya siku ile. Alitoa kitambaa akaanza kusugua, si upande wake bali ule mwingine, ambao wiki nzima hakuna aliyeugusa. Wino ulikuwa umeingia kwenye mbao. Alikuwa bado anasugua alipoona mkoba ukitua kwenye kiti.

"Usidhani nimebaki kwa ajili yako," alisema Yugyeom.

"Sijadhani."

"Bibi hana mtandao. Na anaamka saa kumi alfajiri kung'oa vitunguu." Aliketi, akatoa penseli. "Nimemwambia mama tusubiri ripoti. Ikitoka vibaya naondoka. Na bado sitaki kuongea na wewe."

"Sawa."

"Unasugua vibaya. Fuata mistari ya mbao."

Hawakusema tena mpaka Alhamisi. Mchana wa Alhamisi hakukuwa na habari za gemu. Spika za bwalo zilipiga muziki. Wakati wa kuagana Mwalimu Maeng aliingia na sanduku la simu, akaliweka juu ya meza, akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Ripoti ya Dalmaru imetoka saa nne asubuhi," alisema. "Mkichukua simu, kila mmoja atasoma kipande. Leo tutaisoma yote, mpaka mwisho, pamoja."

Alisoma kwa sauti yake ile ya upole, dakika kumi nzima. Mtambo wa kupoza hewa kwenye chumba cha seva ulikuwa haujakaguliwa kwa miezi kumi na tisa, kwa sababu kampuni iliahirisha ukaguzi mara tatu. Jumamosi saa tisa kasorobo ulikufa. Joto likapanda. Mhandisi mmoja ambaye hakuwa kwenye zamu, aliyekuwa amerudi kuchukua mwavuli wake, aliona taa nyekundu. Aliwapigia wakubwa wake watatu na hakuna aliyepokea. Akazima kila kitu bila ruhusa. Mashine mbili zilikuwa zimeshaungua, na siku tatu za wachezaji zilikuwa humo. Asingezima, ripoti ilisema, kumbukumbu za miaka tisa za wachezaji wote zingepotea. Ripoti ilisema pia kwamba alikosea jambo moja: hakuwasha tangazo la dharura, na wachezaji wakaachwa gizani usiku kucha.

Yugyeom alikuwa ameinamia penseli zake, masikio mekundu. Sebin hakuthubutu kumtazama.

Taeo aliinua mkono nusu. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuwatosha hata wa mbele. "Mwalimu... na sisi tulioandika kwenye dawati?"

"Spiriti iko kabatini. Na kitambaa. Yugyeom yuko pale, ana masikio."

Taeo alikwenda kabatini. Kisha akasimama mbele ya dawati na chupa mkononi, asijue aanze na kipi.

"Samahani," alisema hatimaye. "Kwa ile ya kidole."

"Na grupu," alisema Yugyeom.

"Na grupu. Nitalifuta."

"Lifute leo."

"Leo."

Mwalimu Maeng alingoja mpaka Taeo aanze kusugua. Ndipo alipozungumza, na hakumtaja mtu.

"Mmeona kwamba habari iliyoenea haikuwa uongo mtupu. Mhandisi alizima kweli. Siku tatu zimepotea kweli, na ninyi mlikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nusu ya kweli ni mbaya kuliko uongo, kwa sababu uongo unaweza kukanushwa, nusu ya kweli unaikanushaje? Mtu ataulizwa, 'Ulizima au hukuzima?' naye atajibu, 'Nilizima', na hapo hapo atahukumiwa. Kwa hiyo jifunzeni kusubiri sentensi ya pili. Kama haijaja, semeni 'sijui'. Msione aibu. Mwenzenu mmoja alisema neno hilo mbele ya shule nzima akazomewa, na mimi sijasikia tangazo bora kuliko lile tangu nianze kulea chama hiki."

Sebin aliuma mdomo asilie.

"Hata hivyo hatashika kipaza sauti mpaka muhula ujao," Mwalimu aliendelea kwa sauti ileile. "Kazi yake itakuwa kuwauliza wenzake 'Nani kasema?' Nitampa kalamu nyekundu."

Akafungua kifuniko cha sanduku. Simu arobaini zililala ndani, kila moja ikiwakawaka na ujumbe uliokuwa ukisubiri.

"Chukueni," alisema. "Lakini hivi vitu vina njaa ya maneno. Msivilishe kila mnachookota njiani."